Binti wa Gidabuday Aliyeacha Mifugo

Kabla hajawa mganga mfawidhi wa hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, upande wa Mogitu, Helena Gidabuday alikuwa bibi mifugo. Wauguzi waliohamishiwa pale kutoka mikoa mingine walipolisikia hilo walicheka chinichini. "Tumeletewa daktari wa ng'ombe," mmoja alisema kantini. Matroni Mectilda, mama mtu mzima aliyetokea Bukoba, akamwambia anyamaze anywe chai yake.

Muuguzi yule hakuwa amedanganya. Mzee Gidabuday, mfugaji wa tambarare za Basotu, alikubali bintiye asome kwa sababu moja tu: arudi na sindano ya ndama. Akarudi nayo. Miaka ile mzee alitembea kifua mbele. Mnadani alimwonyesha kila aliyesimama naye, "Yule anayechanja pale ni wangu."

Kilichomtoa Helena kwenye mifugo ni boma moja karibu na ziwa. Alikuwa amemaliza kuchanja, anafunga boksi lake, mwenye boma alipomwita kwenye kibanda cha ndama. Ndani alikuwemo mke mdogo wa mtu yule, amefungwa kamba mguuni, anaongea na ukuta. Alikuwa amejifungua si zamani, na mtoto alilelewa na mke mkubwa.

"Na huyu mchome," mwenye boma alisema kwa upole kabisa. "Dawa imebaki, nimeiona."

"Hii ni ya ng'ombe, baba."

"Basi ya watu iko wapi?"

 Helena aliahidi kuleta mtu wa zahanati, lakini zahanati walimwambia hawana anayeujua ugonjwa huo, wala dawa yake. Aliporudi kwa chanjo iliyofuata, kibandani mlikuwa na ndama tu. Walichomweleza ni kwamba mwanamke alikataa kula.

Akaomba kurudi shule. Alianza upya, darasani na watoto waliomwita bibi: kwanza utabibu, kisha udaktari, mwishowe ubingwa wa magonjwa ya akili. Mzee Gidabuday alipopewa habari alimwita bomani.

"Nilikupeleka kwa ajili ya ng'ombe," alisema. "Hao waliovurugika wana nini cha kukupa?"

Tangu siku ile hakumuuliza tena habari za kazi. Helena alipokuja likizo, mzee aliitikia salamu, akainuka, akaenda zizini.

Alipoteuliwa kuongoza hospitali, Helena alidhani labda sasa moyo wa baba utalainika. Alimpigia simu Emanuel, mdogo wake aliyebaki bomani. "Mwambie baba nimekuwa mkubwa wa hospitali."

"Nitamwambia, dada," Emanuel alijibu, akakata simu upesi.

Ikawa kila Helena akitaka kwenda nyumbani, Emanuel ana sababu. Mzee yuko Mbulu kwa ndugu. Barabara imekatwa na mvua. Naye Helena uongozi ulikuwa umemmeza: vikao vya mkoani, dawa zinazochelewa, paa la wodi linalovuja. Aliamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Glory, mke wa Emanuel. Alimpigia kwa simu ya kuazima. "Wifi, njoo. Usimwambie Emanuel kwamba ni mimi."

Helena alimkuta baba yake kwenye kibanda nyuma ya zizi, amefungwa kamba kiunoni. Miezi mingi mzee alikuwa akitoka kutafuta ng'ombe waliokufa kwa ukame wa zamani, na zaidi ya mara moja walimtoa ziwani maji yakiwa kifuani. Majina ya wanawe yalikuwa yameshamtoka.

"Kwa nini hukuniambia?" Helena aliuliza.

"Ningekuambiaje?" Emanuel alikuwa analia. "Watu wangesema mkubwa wa hospitali ya vichaa, baba yake ni kichaa. Nilificha kwa ajili yako, dada."

Helena akapiga magoti kufungua fundo. Lilikuwa limekaza. Glory akaleta kisu.

Alimlaza mzee kwenye wodi ya wazee. Alijua ugonjwa ule wa kusahau hauponi. Alichoweza kumpa ni usingizi, uji, na kitanda kisicho na kamba. Mzee akatulia, akaanza kuiga wenzake. Kila asubuhi mganga mfawidhi akipita, wagonjwa husimama kando ya vitanda na kumwamkia. Siku moja naye alisimama, akainamisha kichwa mbele ya mtoto wake wa kumzaa.

"Shikamoo, daktari."



"Shikamoo, baba," Helena alisema.

Mzee akatikisa kichwa. Hakuwa amejibiwa. "Shikamoo," akarudia, asitake kukaa. Akarudia tena, sasa kwa woga, kama mtu aliyemkosea mkubwa.

Mectilda akamshika Helena kiwiko. "Mwitikie, daktari, akae. Anaumia."

"Marahaba," Helena alisema.

Mzee akakaa, ameridhika. Raundi ikasogea kitanda kilichofuata, lakini matroni ndiye aliyeandika, maana daktari alikuwa haoni vizuri. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka mvua za masika zilipokuja na nimonia ikamchukua.

Msibani mzee mmoja wa ukoo aliuliza marehemu aliumwa nini. Emanuel akawahi. "Kifua."

Helena angeweza kuliacha hapo, kwa kuwa kifua nacho kilikuwa kweli. "Kifua ndicho kilichommaliza," alisema. "Lakini ugonjwa wake ulikuwa wa akili. Alikuwa wodini kwangu."

 Emanuel aliinuka, akatoka nje ya boma, na hakurudi mpaka watu walipotawanyika.

Glory alimsindikiza wifi yake hadi kwenye gari.  Tangu hapo Helena humpigia mdogo wake kila Jumapili baada ya ibada. Simu huita mpaka inakatika yenyewe.