Goti la Cucu na Desemba ya Thabai

Thabai mbichi zikipondwa hunuka nyasi, kutu na mboga iliyosahaulika sufuriani, na likizo ile ya Desemba harufu hiyo ilijaa nyumba yetu ya Langas hadi nikaamini watu wa Turbo, mji wa mbali, wanaisikia. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Shangazi alikuwa ameniahidi mwezi mzima kwake Kaptagat, ambako wanariadha hupita mlangoni kila asubuhi, nami nilishajiona bingwa wa dunia, imebaki medali tu. Kisha goti la Cucu, nyanya yangu, likavimba likashinda malenge yote ya Moiben. Siku ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikalichapa kwa majani ya thabai yanayowasha kama moto, na Cucu akapata usingizi. Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Kwetu, mkono ulioanza dawa ikakubali ndio unaoimaliza. Mama alijaribu kunipokea kazi hiyo mara moja tu, Cucu akavuta mguu. "Wewe peleka hiyo mikono kwa chapati. Niitie msichana wangu."

Basi asubuhi, saa sita na jioni nilikuwa chumbani kwake, penye dirisha la ukubwa wa daftari, nikisikiliza wenzangu wakiruka kamba nje. Wiki ya pili nikaamua kuiharibu dawa. Ikishindwa, niliwaza, mkono wangu utafutwa kazi. Nikaanika majani juu ya mabati mpaka yakaacha kuwasha, nikayasaga, nikayachanganya na mafuta ya kupikia, nikampaka kwa uso wa malaika.

"Leo dawa yako ni baridi," akasema.

"Ni ya aina mpya, Cucu."

Siku ya nne alitoka nje bila fimbo, akawatangazia majirani kwamba mkono wangu umekomaa. Kufikia jioni Mama Akinyi wa nyumba ya pili alikuwa ameleta kiwiko chake. Kaptagat sikuiona, niliachiliwa shule zilipofunguliwa.

Ilibidi nimalize kidato cha nne katika shule ya jioni, tayari nina watoto wawili, ndipo mwalimu wa kemia anionyeshe nilipokosea: kinachowasha kimo kwenye vinyweleo vya jani, na makali yake hupungua sana likikauka, lakini vitu vinavyodhaniwa kutuliza uvimbe ni vingine, na hubaki. Siku hizi nafanya kazi katika maabara hapa mjini, nasaga thabai kavu mpaka nyusi zangu zinakuwa kijani, na saa kumi na moja nafungua mlango naenda zangu. Tunatengeneza mafuta ya aina mbili yanayofanana, yenye jani na yasiyo na jani, ili ijulikane kama kinachoponya ni thabai au ni imani ya mgonjwa. Wagonjwa huelezwa mapema kwamba huenda wakapata yasiyo na jani, nao hukubali. Cucu hakuelezwa chochote; alifariki akiusifu mkono wangu. Najiuliza kama mwaka ule ningempaka mafuta matupu ili niende zangu Kaptagat. Ningempaka bila kupepesa macho, na kinachoniuma ni kwamba huenda angesimama vilevile, kwa kuuamini mkono wangu tu.