Marehemu Aliyekunywa Maziwa

Nakumbuka asubuhi moja ya ile miaka ya hamsini, mwanangu, nikiwa mwandishi chipukizi wa gazeti dogo la Kiswahili pale Ngara, Nairobi. Tulikuwa na chumba kimoja, mashine moja ya kuchapa, na mhariri mmoja, Mzee Asava, Mmaragoli mwenzangu, aliyekunywa chai ya rangi kutwa nzima na asiyeamini upesi.

Akaingia bwana mmoja wa suti, wakala wa kampuni ya maziwa, na habari yake mkononi: Wafula, fundi seremala wa Kangemi, ameuawa juzi na maziwa ya Rasoa. Huyo Rasoa alikuwa mjane wa huko huko Kangemi aliyepeleka maziwa Parklands, nyumba kwa nyumba. Mimi mate yalinidondoka. Ukurasa wa kwanza, na jina langu chini yake! Nikashika kalamu hata kabla mgeni hajakaa.

Mzee Asava akaniuliza taratibu, "Kijana, matanga yako wapi?"

Sikumwelewa.

"Huyu ni mtu wa kwetu magharibi. Amekufa juzi, na sijasikia kilio wala kuitwa matangani. Tangu lini mtu wa kwetu akafa Nairobi kimya kimya?"

Wakala akacheka. "Mzee, lisemwalo lipo."

"Basi kijana ataenda kuliona."

Niliona haya, nakuambia. Nikachukua baisikeli, nikapanda mlima hadi Kangemi huku nikimnung'unikia mzee njia nzima. Nilipofika sikukuta watu wameketi uani wala moto wa matanga. Nilisikia sauti ya randa tu. Marehemu alikuwa kifua wazi, akiranda mlango.

"Nimekufa?" akashangaa. "Na hii mlango nani atamaliza?"

Nikamweleza kilichomngoja Rasoa. Habari ile ikitoka, hakuna nyumba ya Parklands ambayo ingemfungulia tena, na maziwa yale ndiyo yaliyolisha wanawe. Wafula akatupa randa chini. Tukapitia kwa Rasoa, akatupatia chupa ya maziwa, nikampakia marehemu nyuma ya baisikeli, tukateremka mbio hadi Ngara.

Wakala alikuwa bado ameketi, akingoja tuanze kuchapa. Wafula akasimama mbele yake.

"Mimi ndiye ile maiti," akasema, akaigugumia chupa mpaka tone la mwisho.

Ah, mwanangu, utamu wa siku ile sijauonja tena! Wakala alitoka mbio hata akasahau kofia yake mezani. Mzee Asava akaivaa, akaendelea na chai yake.

Ukurasa wa kwanza nikaupata: picha ya Wafula na chupa yake, na jina la kampuni iliyotutumia uongo ule. Rasoa akaanza kuitwa na nyumba ambazo hakuwahi kuzipigia hodi.

Leo habari zinakufikia kiganjani, nawe unazisambaza kwa kidole bila hata kupanda mlima. Basi ikikujia habari tamu mno, uliza matanga yako wapi. Uliza pia ni nani atakayekula kwa habari hiyo, kisha umtafute anayechafuliwa umsikilize. Njia ya mwongo ni fupi, ni kweli, lakini mnyonge huumia kabla haijafika mwisho.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kalamu ya kweli na miguu isiyochoka kuitafuta, na popote utakapopiga hodi, watu wakufungulie kwa furaha.