Saluni Yenye Magurudumu

Walimwita Kiguu na Njia tangu angali msichana. Alipojifunza ususi alihama saluni tano, si kwa kugombana na mtu. Kuta tu zilimchosha. Ndipo mjomba wake, dereva mstaafu, alipomwambia kuna basi la shule linauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Alilinunua kabla hata ya kuliwasha.

Kununua kulikuwa ndiyo kazi nyepesi. Viti viling'olewa, yakawekwa masinki mawili, tangi la maji likapandishwa juu ya paa, na vioo vikafungwa kwa mpira visipasuke njiani. Kila alipodhani amemaliza, kukazuka jingine. Bima ilipanda kwa kuwa halikuwa tena gari la abiria. Manispaa walidai ada ya leseni, kisha ya maegesho. Dizeli nayo ilikunywa faida kabla haijaonekana. Mdogo wake, aliyesuka pamoja naye, alisema basi lile ni mgeni asiyeaga: lazima lile kwanza ndipo wao wale.

Mdogo mtu alitaka wapange chumba. Mteja, alisema, hawezi kumsaka msusi wake kama anayewinda sungura. Kiguu na Njia aliitikia kwa kichwa, na kesho yake akalihamishia basi mtaa mwingine.

Jumamosi moja waliegesha nyuma ya soko. Kitini alikuwapo bibi harusi, upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umetimka. Akaja askari wa manispaa kuwaambia waondoke, mahali pale panachimbwa mtaro wa maji machafu. Kiguu na Njia akageuza ufunguo. Kimya. Vikaushio vya nywele vilikuwa vimeinyonya betri ileile inayowasha injini. Fundi umeme alishamshauri afunge ya pili, naye akaahirisha ili anunue matairi.

Bibi harusi akaanza kulia bila sauti. Kiguu na Njia akashuka, akawaomba wachimba mtaro wamsaidie kusukuma. Wakasukuma, hata askari akavua kofia, akaweka bega. Injini ikakohoa, ikashika.

"Usishuke, bibi harusi," alisema. "Nakufikisha mpaka mlangoni. Na wewe, mdogo wangu, suka."

Aliendesha pole pole akikwepa mashimo, mdogo wake amebana goti kwenye sinki asiyumbe. Walipofika kwa kina bibi harusi, msuko wa mwisho ulikuwa unafungwa. Shangazi za bwana harusi waliwahi kupanda kabla bibi harusi hajashuka, kila mmoja akitaka kichwa chake kiangaliwe.

Siku ilikuwa nzuri kimapato. Lakini walipokuwa wakifagia nywele, mdogo mtu alisema kwa upole:

"Dada, mimi siwezi tena kusuka huku namwomba Mungu."

Kiguu na Njia hakubisha. Walitafuta chumba karibu na kituo cha afya, mdogo akabaki hapo na wateja wake wa kila wiki. Mkubwa alifunga betri ya pili, akawa anakwenda kwa miadi tu: maharusi, mabweni ya wanafunzi, wazazi waliotoka kujifungua.

Alhamisi huja chumbani kusaidia. Husuka kichwa kimoja, viwili vikizidi, kisha huanza kupangua na kupanga vitana vilivyokwisha kupangwa. Mdogo wake hamzuii. Humfungia taulo safi za basini, naye hushukuru harakaharaka, mguu mmoja tayari uko nje.