Kokoto Nyeusi ya Filinos

Filinos wa Athene alikuwa mchoma mkaa, mtu wa maneno machache na woga mwingi. Baba yake alifia vitani yeye akiwa bado tumboni, kwa hiyo siku ya kutambulishwa mbele ya ukoo kuwa mtoto wa raia alibebwa na jirani, Mzee Bion. Wote walioshuhudia siku ile walikwisha kufa. Alibaki Bion peke yake.

Kwa miaka arobaini jambo hilo halikumsumbua. Kisha mji ukaamuru kila mtaa uwapigie kura wenyeji wake, mmoja mmoja: nani raia, nani mgeni aliyejipenyeza. Kwao kura ni kokoto, na vyote viwili huitwa kwa neno moja. Nyeupe hukubali, nyeusi hukataa. Aliyekataliwa aweza kukata rufaa mjini, ila akishindwa tena huuzwa utumwani. Wewe ungepata usingizi? Filinos hakuupata wiki nzima.

Siku ikafika. Likaitwa jina la Bion.

"Mzee huyu mbona anaongea kama watu wa visiwani?" mmoja akatania, wengine wakacheka.

Dromon, kibaraka wa mkuu wa mtaa, akamsogelea Filinos. "Rafiki wa mgeni naye ni nani? Tunawaangalia, bwana mkaa."

Filinos akajiambia: mzee anapendwa na mtaa mzima, atapita tu, kokoto yangu moja itamdhuru nini? Mkono wa kura hufumbwa, lakini yeye aliulegeza makusudi, Dromon aone kokoto nyeusi, kisha akaidondosha katika mtungi wa kura.

Wakahesabu. Nyeupe thelathini, nyeusi thelathini na moja.

Wahenga husema kwa mwoga huenda kicheko. Siku ile hakikwenda. Filinos alirudia hesabu ile kichwani, na kila akirudia ilimwangukia yeye. Bion akaamriwa atoke nje ya kamba iliyozungushia baraza, akatoka polepole bila kubishana.

"Filinos!" mkuu akaita. "Shahidi wako nani?"

"Mimi hapa!" Bion akajibu kutoka nje ya kamba. "Nilimbeba kwa mikono hii!"

"Nyamaza, mgeni. Neno lako halihesabiwi hapa. Nani mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Watu wakaanza kupita mtungini, na Filinos akawa anasikia kila kokoto inavyogonga udongo wa mtungi, asijue ni ya rangi gani. Aliogopa kuuzwa, aliogopa zaidi kugeuza shingo amtazame Bion.

"Usiogope, mwanangu," Bion akamwambia kwa upole, akiwa karibu naye kabisa, kamba tu kati yao. "Mimi nimeangushwa na mtu mmoja, mwoga fulani tu. Wewe, nani atakuwa na moyo wa kukukataa?"

Filinos akafungua kinywa amwombe radhi. Kokoto nyingine ikagonga mtungi, akakifumba.