Mchana Baba Alipong'oa Bati

Juzi, barabara ya Palma, huku kwetu Msumbiji, pikipiki ilinipita imefungwa mabati yanayopiga kelele za kusikika hadi Tanzania, na moyo ukanienda mbio kama mchana mmoja nilipokuwa mtoto.

Mchana ule baba alikuwa juu ya nyumba yetu aking'oa bati moja moja. Harufu ya kutu na vumbi la moto ilinijaa puani. Kwetu mwanamume aking'oa bati zake ameacha mke. Nilishaona kwa jirani. Basi nilikimbia mara mia kati ya ngazi na jikoni, nikilia, "Mama, umeachwa!"

Mama alikuwa anasuka makuti, wala hakuinua kichwa.

"Nani kaachwa, we mwehu? Dada yako kapata nafasi ya chuo kikuu, universidade, kule Pemba yetu, si ya kisiwani. Ada watamlipia majini?"

"Na mvua?"

"Itatunyeshea. Kaokote misumari, usiipinde, nayo inauzwa."

Bati zikauzwa, dada akaenda. Miaka yote ile tulilala tukihamisha mikeka, tukikimbia matone. Dada alipoanza kazi, mama aliungojea mshahara wa kwanza kama Idi, akijua bati zinarudi. Badala yake, dada akanilipia mimi shule ya usiku kwa mshahara ule.