Kinyozi Hariri na Ndevu za Baba Yake

Mume wangu ni kinyozi na mimi ni msusi. Banda letu ni moja, tumeligawa kwa ubao mwembamba: upande wa barabarani ananyoa yeye, upande wa ndani nasuka mimi. Ubao wenyewe hauzuii kitu. Yeye akipiga chafya mimi nasema pole, mimi nikisengenya yeye anakohoa ili ninyamaze. Wateja wetu wanajua kwamba ukitaka siri yako ikae, usiifungulie mdomo pale kwetu.

Mtaani wanamwita Hariri. Jina hilo alipewa na wateja, na walikuwa na haki. Mashine ya umeme anayo kama vinyozi wote, lakini watu hawakumfuata kwa ajili ya mashine, walimfuata kwa ajili ya wembe. Anakulaza kwenye kile kiti chake, anakufunika uso kwa taulo la maji moto, anakupaka povu kwa brashi, halafu anavuta ngozi kwa kidole gumba na kupitisha wembe hata hujui ameanza saa ngapi. Nimewasikia wanaume wazima wakikoroma pale. Sura Mungu hakumzidishia, nisiwafiche, lakini mkono alimpa, na mimi niliupenda ule mkono kabla sijampenda mwenyewe.

Baba yake ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza maishani. Siku hizi mikono ya Mzee inatetemeka, hata kikombe anakishika kwa yote miwili, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi alikuja kunyolewa na mwanawe. Hakuruhusu mtu mwingine amguse kidevu. Mimi nilijitolea siku moja, akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mkwe wangu," akasema, "wewe suka."

Basi ugonjwa ulianza kwa swali dogo sana. Mteja alitoka, nikasikia sauti ya mume wangu nyuma ya ubao: "Mama Pacha, umemwona yule jamaa? Nimemkata?"

"Hujamkata," nikajibu, maana nilimwona akipita dirishani anajipapasa kidevu kwa raha zake.

Kesho yake akauliza tena. Halafu akawa anauliza kwa kila mteja, halafu mara mbili, mara tatu kwa mteja huyo huyo. Nimemkata? Hujamkata. Una hakika? Nina hakika, Baba Pacha, nyoa. Ikawa kama kiitikio cha wimbo. Wateja wangu wakazoea, mwanamke ana nywele nusu kichwa zimesukwa na nusu zimesimama, anaitikia kabla yangu: "Hujamkata, shemeji." Tulicheka sana. Tulidhani ni mtu anazeeka mapema.

Kicheko kiliniisha siku mwalimu mmoja jirani yetu, mteja wake, aliponivuta pembeni. "Shemeji," akasema, "mumeo ananifuata. Jana kanisindikiza mpaka kituo cha basi, hasemi kitu, ananiangalia shingo." Nikamwambia labda anasifu kazi yake. Lakini nilianza kumtazama mume wangu vizuri, na nilichokiona hakikunipendeza. Wembe alikuwa ameuweka mbali, ananyoa kwa mashine tu, ukimuuliza anasema nyembe za siku hizi mbovu. Visu vya jikoni vilihamia juu ya kabati, nikawa napanda kiti kila nikitaka kukata kitunguu. Akahama chumbani akalala kwenye kochi, eti joto. Hapo nikafikiri kile ambacho mwanamke yeyote angefikiri. Nilimchunguza kama askari wa mpakani, sikuona mwanamke. Niliona mtu anakonda tu.

Na Mzee ndevu zikaota. Ijumaa hii maji hayajachemka, Ijumaa ile mgongo unauma, nyingine povu limekwisha. Kwa mashine Mzee hataki, inamwacha na vipele. Zile ndevu zikamfunika mdomo, akinywa uji nusu unabaki humo. Mtu aliyekuwa msafi kupita sisi sote akaanza kuona haya kutoka nje. Akawa anashinda ndani, anasema ana uchovu. Iliniuma. Mume wangu ilimuuma zaidi, nilimwona akimtazama baba yake huku macho yamemjaa machozi, na bado hagusi wembe.

Mwishowe Mzee mwenyewe alikuja akaketi kwenye kiti, hakuomba kunyolewa. Alisema, "Mwanangu, kinyozi hajinyoi. Tafuta mtu akushike kichwa." Akainuka akaondoka zake. Mimi nilikuwa nimesema hayo hayo kwa maneno mengi na kelele nyingi, sikusikilizwa. Ya baba yalisikilizwa.

Kituo cha afya walianza na mwili. Tabibu alimpima presha na mapigo ya moyo, akamtoa damu kuangalia tezi ya shingo, maana ikizidisha kazi nayo humfanya mtu atetemeke na moyo umwende mbio. Akauliza kahawa anakunywa kiasi gani, pombe je, usingizi je, kuna dawa yoyote anatumia. Majibu yakatoka yote mazuri, na mimi nikapandwa na hasira.

"Kama hana kitu, mbona amebaki mifupa?"

"Sijasema hana kitu, mama," tabibu akajibu. "Nimesema si moyo na si tezi. Nendeni chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho kulikuwa na mama wa makamo, daktari wa magonjwa ya akili, amevua viatu vyake na kuvisukuma chini ya meza. Nilimpenda hapo hapo. Alimuuliza mume wangu kama anataka mimi nibaki, akasema nibaki. Akamuuliza lini imeanza, inamla muda gani wa siku, ni mambo gani aliyokuwa akifanya na sasa hafanyi. Mume wangu alijibu kwa neno moja moja. Halafu yule mama akasema taratibu, kama anayeongea habari za mvua: "Wanaokuja hapa wengi wana wazo wanaloona haya kulitamka. Mama anawaza kumwangusha mwanawe mchanga. Dereva anawaza amegonga mtu nyuma huko. Lako likoje?"

Hariri alitazama mikono yake. "Nikiweka wembe kwenye shingo ya mtu, linakuja: ukikata je? Naona damu kabisa. Kwa baba ndiyo zaidi. Daktari, mimi ni muuaji, sijaua tu bado." Akaiweka mikono yake juu ya meza, pamoja, kama anayesubiri pingu.

Miaka yote hiyo nimelala na mtu huyu, nimezaa naye pacha, na alikuwa amebeba kitu kama hicho peke yake nyuma ya ubao wa unene wa kidole kimoja.

Daktari hakushtuka. Aliuliza: umewahi kumdhuru mtu? Hapana. Ni sauti unayoisikia masikioni kama mtu anakusemesha, au ni wazo lako mwenyewe? Wazo langu. Linakupendeza? Mume wangu akamtazama kama ametukanwa. "Linanichefua." Umewahi kufikiria kujiua? Hapo akaitazama tena mikono yake. "Kujiua hapana. Kuikata hii mikono, nimewahi kuwaza." Niliushika mkono uliokuwa karibu na mimi, sikuuachia tena mpaka tunatoka. Daktari naye hakuliruka hilo jambo, aliuliza kama amepanga chochote, aliuliza mpaka akaridhika kwamba hakupanga.

Kisha akatueleza. Ni ugonjwa, una ndugu zake katika ukoo wa magonjwa ya hofu, na unatibika. Wazo baya humpitia kila mtu, akasema, hata yeye. Wengine linawapita, mgonjwa analikamata, analihoji, anatafuta hakika, na kadiri anavyotafuta ndivyo linavyoota mizizi. "Mtu anayetaka kuua," akamwambia, "hawafuati wateja wake kituoni kuona kama wazima."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, akikuuliza kama amekata mtu, unamjibu nini?"

"Namwambia hujakata. Nimwambie nini tena?"

"Na akishajibiwa, anatulia kwa muda gani?"

Zamani alitulia mpaka mteja anayefuata. Siku hizi hata taulo hajalikunja, ameshauliza tena.

"Ni kama upele," akasema. "Ukimkuna anapata raha, na upele unasambaa. Kuanzia leo akiuliza, sema hujui."

"Lakini najua."

"Najua unajua."

Nilitoka pale nimevimba. Mtu unampa mumeo neno la kumtuliza kwa moyo wako wote, anatokea mtu hana viatu anakwambia neno lako linalisha ugonjwa. Nilinuna njia nzima. Lakini mimi nasuka, najua kwamba msuko ulioanza vibaya hauponi kwa kuendelea nao.

Alipewa dawa ya kumeza kila siku, akaonywa kwamba mwanzoni tumbo litamsumbua, nafuu itakuja polepole, na asiache kwa kujiamulia. Na mazoezi. Wakapanga ngazi wao wawili, kutoka la kumtisha kidogo mpaka la kumtisha kabisa: kushika wembe uliofungwa, kukaa na wembe uliofunguliwa mezani mimi nikiwa karibu, kunyoa puto, kunyoa mtu. Ngazi ya juu kabisa wakamweka Mzee. Sharti lilikuwa moja: hofu ikija asikimbie, asiulize, asikague, akae nayo mpaka ishuke yenyewe.

Puto ndiyo mazoezi ya vinyozi wanaojifunza, unalipaka povu unalinyoa bila kulipasua. Hariri aliyanyoa kama mwanafunzi, mengine yakapasuka, povu likaruka mpaka upande wangu. Siku nyingine, chumbani kwa daktari, yule mama alilegeza kola ya blauzi yake akamwambia, "Weka wembe hapa shingoni, ukae hivyo." Nikainuka kwenye kiti. "Mama Pacha, hata wewe usikimbie," daktari akasema bila kunitazama. Nikaketi. Mume wangu alilowa jasho shati zima, wembe umetulia pale, na mkono wake, wallahi, haukutikisika hata kidogo. Baada ya muda mrefu nikaona mabega yake yanashuka.

Kazini ndiko kulikonishinda. Alianza na mwalimu, ambaye alikubali kunyolewa kwa sharti asisindikizwe. Mwalimu akatoka, na sauti ikaja. "Nimemkata?"

"Sijui."

"Mama Pacha. Niambie tu mara hii."

"Sijui, Baba Pacha."

"Wewe mke gani?" Hajawahi kunipandishia sauti, siku hiyo aliipandisha. Nilikiuma kitana changu mpaka jino moja la kitana likavunjika. Jibu lilikuwa hapa kwenye ulimi, tamu, la bure, na nilitakiwa kulimeza. Wateja wangu nao nikawapiga marufuku: atakayemwitikia anatoka na kichwa nusu, na nywele zake atajisuka mwenyewe. Wananijua, wakanyamaza. Maswali yakawa yanapungua, siku nyingine yanarudi yote, kisha yanapungua tena.

Ijumaa moja Mzee alikuja bila kuitwa, akaketi kitini na ndevu zake zilizofika kifuani. Nikasikia mkasi unazipunguza, kisha maji yanamiminwa. Nikasikia taulo linakamuliwa, brashi inazunguka kikombeni, kisha wembe, ule mlio mdogo ambao sikuwa nimeusikia kwenye shavu la Mzee kwa muda mrefu. Vidole vyangu vilisimama ndani ya nywele za mteja.

Halafu mlio ukakatika.

"Baba," mume wangu akasema.

"Umenikata," Mzee akasema. "Hapa chini ya sikio."

Maisha yake yote Hariri hakuwahi kumkata baba yake. Yametimia, nikasema moyoni, lile lile, kwa mtu yule yule. Nilitaka kuzunguka ubao nimkumbatie, nimwambie si kitu, ni mkwaruzo, baba mzima. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Nikaizuia, na naapa hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kupita hiyo. Nilisikia pumzi zake, ndefu, moja baada ya nyingine. Nikasikia droo inafunguliwa, akitafuta jiwe la shabu lile wanalozuia nalo damu.

"Linawasha," Mzee akasema. Kisha akaongeza: "Na upande huu bado una ndevu. Au ndio mtindo mpya?"

Halafu nikasikia wembe. Ulienda polepole, ukasita, ukaenda tena, mpaka mwisho.

Alipokuja upande wangu alikuwa na povu mpaka kiwikoni na uso umechoka kama mtu aliyebeba mizigo. Mimi nilikuwa nimeiandaa "sijui" yangu tayari mdomoni, akiuliza kama Mzee atapona. Akasimama pale mlangoni.

"Chai imebaki?" akauliza. "Mzee anataka, na mimi nataka."

Nikamwambia ipo kwenye chupa, ajimiminie, mimi nina kazi. Alipogeuka machozi yakaanza kunitoka, nikaendelea kusuka huku yananitoka. "Dada, unanilowesha kichwa," mteja akasema, na nikamwambia avumilie. Kupitia dirishani nilimwona Mzee, amekwisha kunywa chai yake, anashuka barabarani na kidevu kisafi na pamba chini ya sikio. Alikuwa akisimama kwa kila aliyemkuta, anageuza shingo na kumwonyesha kwa fahari mahali alipokatwa.