Kanisa Lililopimwa Likavunjwa

Padri aliniita kwa sababu kampuni ya wahandisi ilimtajia bei asiyoiweza. Mimi ni Mtanzania, fundi wa elektroniki, nina kibanda mtaa wa Kabeza, huku kwa Wanyarwanda. Nilimtengenezea vihisi vidogo vya bei nafuu, nikavibandika juu ya nyufa za kanisa lake kongwe la matofali. Ufa ukipanuka kidogo tu, simu yangu ilipata ujumbe.

Mlinzi wa kanisa alikuwa mama Mnyarwanda aliyekulia Burundi. Aliporudi kwao, ni katika kanisa hilo alipofungia ndoa, na ni humo alipomnyunyizia mume wake, akiwa jenezani, maji ya baraka. Kila nilipofika aliniuliza, "Mwanangu, iko inaendelea aje?" kama mtu anayeulizia mgonjwa wodini.

Mvua za masika zilipoanza, ujumbe ukawa haukatiki. Nikachunguza, nikakuta maji ya paa yanamwagika kwenye msingi. Nikamwambia Padri tuzibue mifereji na kuegemeza ukuta kwa magogo, utatulia. Akachukua grafu zangu, akaenda kwenye ofisi za serikali, Kacyiru, kuomba msaada.

Walikuja maofisa wawili. Ukuta hawakuugusa, walitazama grafu.

"Vifaa vyako vinasema kweli?" akauliza mmoja wao.

"Vinasema kweli."

"Basi jengo ni hatari. Livunjwe."

Nikawaeleza habari ya maji na magogo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Likiwaangukia watu, utajibu wewe?"

Nikamgeukia Padri. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Siku ya kuvunja, katapila liligonga ukuta ule mara nyingi kabla haujakubali kulala. Simu ililia mfukoni mpaka nikaizima. Mama alikuwa amesimama pembeni, kitenge amejifunga kifuani, vumbi limemjaa nyusini.

"Ulisema iko mugonjwa," akaniambia. "Mugonjwa anatibiwa. Nyinyi mumemuua."

Nilitaka kumwambia kwamba nilipima ili lipone. Sidhani maneno hayo yangemsaidia. Aliondoka bila kuniaga, na tangu siku hiyo sijamwona.

Kiwanja kimezungushiwa mabati mpaka leo. Juzi shule moja ya zamani ilinipigia simu. Kuta zao zina nyufa, na wamesikia kuwa vifaa vyangu ni rahisi na havikosei. Nimeshindwa kuwajibu.